Herufi moja tu ndani ya pete

Leo naweka kando habari za hifadhidata, kuna jambo limenikaa kichwani wiki nzima.

Wanakemia wana njia ya kuandika molekuli kwa herufi za kawaida za kompyuta, inaitwa SMILES. David Weininger aliibuni miaka ya 1980. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huandikwa hivi:

NNC(=O)c1ccncc1

Hizo 1 mbili zinaonyesha pete inapoanzia na inapofungika. Pete ina atomi sita: kaboni tano (c) na nitrojeni moja (n).

Sasa geuza hiyo n iwe c. Herufi moja tu! Pete ya kaboni tupu ndiyo benzini, na benzini haipatani na maji: lita nzima ya maji huyeyusha chini ya gramu 2. Pete yenye nitrojeni ndiyo piridini, nayo huchanganyika na maji kwa kiasi chochote, kwa kuwa nitrojeni ina jozi ya elektroni inayoshikana na maji.

Au iache n, ila uisogeze nafasi moja: c1cccnc1. Atomi ni zilezile, uzito ni uleule, lakini nguvu dhidi ya kifua kikuu hushuka mno.

Kompyuta haitalalamika. Maandishi yote matatu ni sahihi kisarufi. Tofauti utaiona ndani ya bakteria.

Kinachoniuma ni hiki: isoniazidi ilitengenezwa Prague mwaka 1912, na Hans Meyer na Josef Mally. Uwezo wake wa kuua kifua kikuu ulikuja kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1950. Karibu miaka 40 molekuli ipo, na watu wanazikwa.

Kakangu aliimeza pamoja na dawa nyingine kwa miezi sita, akapona. Kwa hiyo mtu akiniambia programu yake imeshapata dawa mpya, namuuliza: imejaribiwa wapi? Hata mimi naweza kuandika programu ya kubadilisha pete mara elfu kwa dakika moja. Kati ya hizo elfu, ipi inaponya? Hilo litajibiwa na maabara, kisha na wagonjwa, wala si mashine yangu.

Haya, tukutane wiki ijayo.