Mjomba nusura auze mashine kisa kipande cha bati!

Jina lake nahifadhi, asije akaninyima muhogo. Mjomba wangu wa Kibiti ana mashine ya zamani ya kukereza vyuma, iko uani. Juzi mwenye boti wa Nyamisati kaleta kazi ya shafti. Kila ikikerezwa inatoka nene huku, nyembamba kule. Mjomba akakata tamaa, mnunuzi wa skrepa keshafika na mzani!

"Mjomba, subiri kwanza."

"Mtoto wa Dar unajua nini?"

Nikaweka pimamaji juu ya kitanda cha mashine. Mguu mmoja umezama mchangani, kitanda kimejipinda. Tukapachika kipande cha bati chini ya mguu, tukapima, tukakereza tena. Shafti sawasawa mwanzo mwisho! Tukafuta kutu, tukapaka oili.

Mwaka 1914 meli ya Kijerumani Königsberg ilijificha delta ya Rufiji, injini mbovu. Vyuma vyake vikavutwa na watu nchi kavu hadi Dar kutengenezwa, vikarudishwa. Sisi karakana tunayo uani, tunataka kuiuza kwa kilo!

Mnunuzi kaondoka na sufuria bovu tu. Kwenu je, nini kimeuzwa kabla ya kupimwa?