Mchuzi wa Samaki kwa Maziwa

Mtu aliyelelewa Tanga kwa samaki wa nazi hasadiki kwa wepesi ya kuwa samaki hupikwa kwa maziwa ya ng'ombe na watu wakala wakashiba. Hata sisi hatukusadiki. Tulipohamia Portland, mji wa bandari katika jimbo la Maine, huko kaskazini mashariki mwa Marekani, tuliliona jina la mchuzi huo limeandikwa katika mbao za mikahawa ya forodhani, na wenyeji huuita chauda. Tukadhani ni chakula cha wagonjwa, tukapita. Leo twaandika habari zake kwa kuwa jamaa wengi wa Kiislamu walio katika nchi zile hutuuliza namna ya kuupika bila ya haramu ambayo aghlabu hutiwa ndani yake. Na tena kwa kuwa kisa cha kuujua kwetu kina aibu, na aibu ya mtu ni afadhali aitaje mwenyewe.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka 2015, wakati wa baridi kali. Theluji ilikuwa imerundikana hata kuziba nusu ya madirisha ya chini, na mwenzetu wa nyumbani alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Katika ghorofa ya chini alikaa bibi mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa mvuvi. Jioni moja akatubishia mlango, mikononi amebeba sufuria iliyofunikwa kitambaa, naye ahema kwa kupanda ngazi. Akasema amemletea mzazi chauda ya moto. Tukaipokea kwa mikono miwili na kwa shukrani nyingi.

Tulipofunua tuliona juu ya yale maziwa vipande vidogo vya nyama vilivyokaangwa, na harufu yake ikatuambia kabla ya macho kuyakinisha. Ilikuwa nyama ya nguruwe. Basi tukaimwaga yote chooni, tukaiosha sufuria, na asubuhi yake tukamrudishia yule bibi huku tukimwambia kwamba chakula chake kilikuwa kitamu mno.

Kutokula hakukuwa na shaka. Lakini ni nani aliyetuamrisha kusema kuwa tumekula? Tulijidanganya nafsi zetu kuwa ule ni uungwana. Yule bibi maskini akafurahi, na wiki ya pili akaleta sufuria nyingine. Na wiki ya tatu vile vile. Kila mara tukamwaga, na kila mara tukasifu zaidi kuliko mara ya kwanza, maana uongo ukishauanza huna budi kuulisha. Hatukuwa na habari kuwa mama yule alinunua samaki wale kwa fedha ya pensheni yake, nayo haikuwa nyingi.

Kijana wetu alikuwa na umri wa miaka mitano, na bibi huyo alimwita Bibi kama aliyemzaa mama yake. Siku moja walikutana ngazini, akaulizwa kama chauda yampendeza. Akajibu, “Bibi, sisi hatuili. Baba huimwaga chooni.”

Tangu siku ile mlango wetu haukubishwa. Tukipishana naye ngazini hutazama ukutani. Mwezi mzima ulipita hivyo, nasi kila siku twaswali, twasoma, tena twawafunza watoto haki za jirani! Mwishowe mwenzetu akasema, “Baba watoto, nguruwe tumemkataa, na hilo ni sawa. Lakini yule mama kapanda ngazi zile mara tatu, na magoti yake yale unayaona. Twende tukamwambie kweli.”

Tukashuka baada ya sala ya Alasiri, na sahani ya maandazi mkononi. Tukamweleza yote: nyama ile ni kitu gani katika dini yetu, na jinsi tulivyoogopa kumvunja moyo, na jinsi tulivyomvunja zaidi. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Kwa nini hamkuniambia? Ningalitia siagi tu.”

Jumamosi iliyofuata alipanda yeye mwenyewe kuja kutufundisha. Wa kwanza kutaja habari ya sufuria alikuwa ni yeye. Alisema yake imepikiwa nguruwe miaka mingi, basi na tutumie ya kwetu.

Hapa yafaa msomaji ajue nyama ile iliingiaje. Mchuzi huu asili yake ni chakula cha mabaharia. Katika vyombo vya zamani hapakuwa na barafu wala maziwa; kilichoweza kukaa miezi bila ya kuoza ni nyama ya nguruwe iliyokolezwa chumvi, na biskuti ngumu kama kigae. Samaki waliwapata baharini. Mwaka 1751 gazeti moja la Boston lilichapisha maelezo ya kuipika chauda, nayo yalikuwa ni kupanga tabaka juu ya tabaka za vitunguu, nguruwe, samaki na biskuti. Maziwa yalikuja baadaye, ilipokuwa chakula cha nyumbani. Basi nguruwe kazi yake ilikuwa ni kutoa mafuta na chumvi, na siagi na chumvi ya kawaida hutimiza kazi hiyo bila ya kupungukiwa na kitu.

Samaki anayependwa Maine huitwa hadoki, mwenye nyama nyeupe laini. Chukua ratili 2 zilizokwisha tolewa ngozi na miiba. Kata vitunguu viwili, uvikaange katika siagi ya vijiko vinne kwa moto mdogo, vilainike bila ya kugeuka rangi. Tia viazi mbatata vitano vilivyokatwa vipande, na maji ya kuvifunika tu, na chumvi. Kisu kikipenya katika viazi, walaze samaki juu yake kwa mapande makubwa, funika, upunguze moto sana, wala usikoroge. Baada ya dakika 10 hivi nyama ya samaki itaanza kuachana yenyewe. Ndipo umimine robo galani ya maziwa yaliyopashwa moto mbali, na kopo moja la maziwa mazito yasiyo sukari. Nyunyiza pilipili manga. Yakianza kutoa moshi, epua. Yasichemke kabisa.

Mikahawa hutia unga wa ngano ili mchuzi uwe mzito. Bibi yule husema hiyo ni gundi ya kubandikia karatasi, nasi tumeafikiana naye. Uzito wa kweli hutoka katika viazi na katika kungoja. Iache ikae walau saa moja, au ipoe uiweke katika jokofu, na kesho yake uipashe polepole. Siku ya pili ndiyo siku yake.

Mara ya kwanza tulipojipikia peke yetu tuliiharibu. Mwenzetu, kama afanyavyo kila mpishi wa pwani, aliwaosha samaki kwa ndimu na chumvi ili kuondoa shombo, wala hakuwasuuza. Maziwa yalipoingia yakakatika papo hapo, yakawa maji na mabonge. Tui lataka kukorogwa mfululizo mpaka lichemke ili lisikatike. Maziwa yataka kuachwa kwa amani, wala hayataki kuiona ndimu. Siku ile tulikula mkate na chai.

Neno moja juu ya biskuti kavu ambazo huvunjwavunjwa juu ya bakuli. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kununua, kwa sababu nyingine hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Na ukiagiza chauda mkahawani, uliza, hata kama ubao wasema ya samaki. Walio wengi hutia nguruwe kwa ladha, nao hawaoni sababu ya kumtaja.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia katika Juni na Julai, na jua la Maine lilichelewa kuzama hata karibu na saa mbili na nusu za usiku. Tulimwalika yule bibi kufuturu pamoja nasi. Akaja mapema, akaketi na watoto kuingojea adhana kama kwamba naye amefunga. Mezani palikuwa na tende, sambusa, wali, na samaki wa nazi. Alipowekewa sahani yake aliushika upawa, akatutazama usoni, akauliza, “Na humu mna nini?”

Tukamtajia kila kitu kimoja kimoja: nazi, nyanya, kitunguu saumu, bizari, ukwaju, na pilipili mbichi. Akaisikiliza orodha hata mwisho, akaitoa pilipili akaiweka pembeni mwa sahani, akala.