Macho ya Moyo

Nilipokuwa kidato cha pili, tulikuwa na desturi ya kuzungumza kwa sauti ndogo bwenini baada ya taa kuzimwa, mpaka kiranja alipotukemea. Usiku mmoja mwenzangu wa kitanda cha jirani alisema, "Nikifumba macho hivi namwona mama ameinama jikoni, na gomesi yake ya manjano." Nami nikafumba yangu: giza tupu. Nikasema moyoni, "Huyu ni mwongo."

Kesho yake, tulipokuwa tukifyeka majani, nikawauliza wengine mmoja mmoja. Huyu aliona rangi zote; yule aliona kama katika moshi. Wa tatu alinistaajabisha kuliko wote. Nilimwambia kuwa mimi sioni kitu, ila nasema moyoni kutwa nzima, hata hugombana na mwalimu aliyekwisha kwenda zake. Akaniuliza, "Sauti gani hiyo?" Kwake yeye moyoni mlikuwa kimya. Wazo lilimjia zima, na maneno aliyatafuta alipotaka kufungua kinywa tu. Kwa sababu hiyo alichelewa kujibu darasani, na mwalimu mmoja akamwita mzito, jina lililomwandama miaka miwili. Lakini tulipoambiwa tuchore Ziwa Victoria bila kitabu, yeye alichora tu. Mimi ilinibidi niimbe Jinja, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Entebbe, nikizunguka kama mkono wa saa, na bado ziwa langu lilifanana na kiazi.

Basi, mambo hayo nikayasahau hata baba alipofariki. Siku ya arobaini dada yangu aliniuliza, "Wewe nawe wamwona usoni kila ulalapo?" Nikajibu kweli: La, simwoni kabisa. Alininyamazia. Hakunitukana, lakini nilijua alivyofikiri, maana hata mimi nilifikiri vivyo hivyo: kwamba sikumpenda baba kama mtoto apasavyo. Aibu hiyo niliichukua miaka mingi, wala sikumwambia mtu.

Baadaye nilisoma habari za Mwingereza aitwaye Francis Galton. Mwaka 1880 aliandika matokeo ya kuwauliza watu waikumbuke meza yao ya chai ya asubuhi: je, picha yake ni angavu au hafifu, na rangi zake je? Alianza na wataalamu wa sayansi, na wengi wao wakamjibu kuwa hawajui picha ya namna hiyo. Walidhani "kuona akilini" ni msemo tu. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, nikamkumbuka yule niliyemwita mwongo. Hata hivyo jambo lenyewe lilikaa bila jina mpaka mwaka 2015, ndipo Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzake walipoliita afantasia. Si maradhi. Tena wengi wasioona kitu wakiwa macho huona picha ndotoni, nami ni mmoja wao.

Nikaenda kwa dada nikamsomea yote. Akasikiliza, kisha akauliza, "Basi umebaki na nini?" Nikamwambia: najua alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto, dogo kama punje ya mchele. Najua alivyosema "haya, twende" kabla ya kupanda baiskeli. Dada akasema kovu hilo halikuwapo. Yeye humwona kila siku, wala halimo. Tukatoa picha sandukuni, tukaipeleka dirishani penye mwanga. Kovu lilikuwapo. Dada akaishika picha ile kitambo kirefu bila kusema neno.

Yule rafiki yangu wa moyo mkimya sasa ni mpimaji wa ardhi. Nimempelekea barua nikimwuliza jinsi anavyosoma barua kama moyoni mwake hakuna wa kuisoma. Hajajibu bado, lakini yeye ni mtu wa kuchelewa kujibu.