Tucheze na bibi harusi, tusimchezee

Kila Mfunguo Mosi unapoandama, daftari la ukumbi wa madrasa yetu hujaa. Walioahirisha harusi kwa sababu ya Ramadhani huja wote kwa pamoja, na sisi tunaoshika ukatibu wa kamati ya msikiti, upande wa akina mama, hatubakiwi na Jumamosi wala Jumapili. Barua za ndoa na walima hupita bila ya mjadala. Zinazochelewa mezani ni zile zinazoomba nafasi "kwa shughuli ya kumfunda mwali", kwa kuwa kila mjumbe anaelewa kwamba shughuli yenyewe ni kichen pati, na kila mjumbe ana kisa chake cha kichen pati aliyoishuhudia au kusimuliwa.

Sufuria, majiko na seti za sahani anazotunukiwa bibi harusi hazina mgomvi. Ugomvi ni wa michezo. Wapo wazee wetu, Mwenyezi Mungu awape umri, wanaoona kwamba mchezo wowote ndani ya ua wa msikiti ni upuuzi, na kwamba mwali akishasomewa dua na kupewa nasaha shughuli imekwisha. Wapo mabinti zetu wanaoona kwamba bila ya mshereheshaji wa kukodi na michezo iliyonakiliwa kutoka katika simu, shughuli itakuwa khitma yenye keki. Sisi tulio katika miaka ya thelathini tumekaa katikati yao: bibi zetu walifundwa ndani, wadogo zetu wanafundwa na video, na sisi ndio tunaoulizwa kama ukumbi utolewe au usitolewe.

Chuoni tulisoma kisa cha Bi Rubayyi bint Muawwidh (r.a.), kilichomo katika Sahihi ya Imamu Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliingia kwake asubuhi ya harusi yake, akaketi, ilhali wasichana wadogo wanapiga dufu na kuwataja kwa sifa wazee wao waliouawa siku ya Badri. Mmoja wao akachomeka maneno kwamba miongoni mwao yumo Nabii anayejua yatakayokuwa kesho. Mtume akamwambia aliache hilo, na aendelee na aliyokuwa akiyasema kabla. Mwalimu wetu alitusimamisha hapo, akatuuliza ni nini kilichoondolewa katika shughuli ile. Dufu lilibaki. Wasichana walibaki. Yeye mwenyewe Mtume alibaki ameketi. Liliondoka neno moja tu lisilostahili. Kadhalika Bi Aisha (r.a.) alipompeleka bibi harusi kwa mume wake wa Kiansari, Mtume aliuliza habari ya burudani, kwa kuwa Ansari walikuwa watu wa kuipenda.

Kwa hiyo suala la kama pachezwe au pasichezwe, kwetu sisi, limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni lile neno moja la kuondolewa, na kulitambua si jambo jepesi, kwa sababu aghalabu huja limevaa kicheko.

Tutoe mfano tulioushuhudia, si katika ukumbi wetu. Mshereheshaji aliwataka wanawake wote walioolewa wasimame. Ukumbi mzima ukanyanyuka kwa vigelegele. Kisha akatangaza kwamba asiye na mtoto akae. Wa mtoto mmoja akae. Wa wawili akae. Aliendelea hivyo mpaka akabaki mama mmoja wa watoto tisa, akapewa sufuria kubwa, na watu wakapiga makofi. Mchezo ulichukua dakika tatu, na lau ungewauliza wageni wangekwambia ulikuwa mzuri. Sisi tulikuwa meza ya pembeni, na tulimwona aliyekaa wa kwanza. Alikaa peke yake, mbele ya watu waliosimama. Alikuwa mama mdogo wa bibi harusi, ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la tatu, na ndiye aliyeshona gauni alilovaa mwali siku ile. Chakula kilipoanza kupakuliwa hakuwapo. Bibi harusi alimtafuta kwa macho mpaka mwisho wa shughuli, huku akitabasamu kwa wapiga picha.

Mshereheshaji yule hakuwa mtu mbaya. Mchezo aliujua hivyo, na wala hakuwajua watu waliokuwa mbele yake. Hata hivyo, aya ya kumi na moja ya Suratul Hujurat, inayokataza watu kudharauliana, haikutosheka kutaja watu kwa jumla. Imewataja wanawake mahsusi wasiwadharau wanawake wenzao. Ukiwa na aya hiyo kichwani, michezo mingi inayosambaa siku hizi utaiona kwa jicho jingine. Mchezo wa kumhesabia bibi harusi utepe uliokatika wakati wa kufungua zawadi, na kusema kila utepe ni mtoto mmoja, unabashiri ghaibu kwa mzaha na kumtonesha kila anayesubiri mtoto. Mchezo wa kumuuliza mwali maswali kumi juu ya mchumba wake, na kumtia pilipili mdomoni kila anapokosea, unamwadhibu binti kwa kutomjua mwanamume ambaye sisi wenyewe tulimkataza kukaa naye faraghani. Huu wa pili hutuchekesha kuliko yote, ingawa si kwa namna waliyoikusudia waliouleta.

Yapo pia maswali yanayohusu mambo ya chumbani, yanayoulizwa kwa kipaza sauti, watoto wakiwa wanakimbizana chini ya meza. Hapa tunawaomba wanaotetea kwamba ndiyo mila yetu wawaulize wakubwa wao. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini nyumbani alijulikana pia kwa ngoma ya unyago na kuwafunda wari. Mtu anaweza kuwa na rai yake juu ya unyago, na sisi tunayo. Lakini mlango wa unyago ulikuwa ukifungwa. Mwanamume haingii, na mtoto ambaye hajafikia haingii. Somo alijua nani yumo chumbani kabla hajafungua kinywa. Wakati mwali anasingwa kwa singo, mwili unanukia asumini na msandali, ndipo maneno mazito yalipopita, kwa sauti ya chini, kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja. Kipaza sauti hakikuwamo.

Mwaka uliopita aliletwa mezani kwetu ombi la binti aliyesoma madrasa yetu tangu alifu. Mama yake aliandika waziwazi: kichen pati, kuanzia baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi, wanawake watupu, na michezo itakuwapo. Wazee walituachia shauri sisi akina mama. Tulimjibu kwamba ukumbi ni wake, mshereheshaji asikodiwe, na michezo tutaipanga pamoja na somo wake. Tulikaa jioni mbili kwenye mkeka wa bibi yake mwali, tukaulizana swali moja kwa kila mchezo uliopendekezwa: atakayeshindwa atakuwa ameonekana nini? Akionekana hajui kupika, si neno, atajifunza. Akionekana hana mtoto, hana mume au hana fedha, mchezo huo tuliuacha.

Uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa kukuna nazi. Tuliweka mbuzi mbili katikati ya ukumbi, moja ya upande wa bwana harusi na moja ya upande wa bibi harusi, na nazi mbili kwa kila upande zimekwisha kupasuliwa. Wasichana walidhani mshindi ni anayemaliza kwanza. Somo akawaacha wakimbie, kisha akazichungulia sinia na kutangaza kwamba yeye anahukumu weupe: chembe za rangi ya kahawia zinaonyesha kwamba mtu amekuna mpaka gome, na tui lake litakuwa chafu. Aliyemaliza kwanza akawa wa mwisho. Hapo mama mkwe, aliyekuja na abaya mpya yenye nakshi mikononi, akaomba kanga ya kujifunga, akaikalia mbuzi, na ukumbi ukasimama wenyewe bila ya kuambiwa. Alikuna taratibu, akizungusha kifuu kwa kiganja kama aliyezaliwa na kile kifuu. Mwali alipiga magoti pembeni yake, akaanza kumkingia sinia. Hatukulipanga hilo. Machicha yakabaki, tui likaenda jikoni, na wali uliopakuliwa baadaye ulikuwa wa nazi zile zile, kwani tulikuwa tumeweka sharti kwamba mchezo wa chakula uliwe.

Mchezo wa viungo ulikuwa wa haraka na wa gharama ndogo. Vikombe vinane vilifunikwa vitambaa, mtu akafungwa macho kwa mtandio na kuambiwa ataje kwa pua. Karafuu na mdalasini kila mmoja alizipata. Waliposhindwa wengi ni kati ya binzari nyembamba na giligilani, na ubishi wake ulifika mpaka kwa wapishi.

Kisha vitendawili. Tulikuwa na hofu kwamba vitapooza ukumbi, maana binti wa leo hajategewa kitendawili tangu aache shule ya msingi. Bibi wa upande wa bwana alianza na kile cha nyumba isiyo na mlango, na jibu la yai likatoka kwa watu ishirini kwa pamoja. Baada ya hapo akaanza kutega vya kwao, ambavyo hatujawahi kuvisikia, na upande wetu ukawa unatoa miji. Kwa wasioujua utaratibu, anayeshindwa humpa mtegaji mji ndipo afumbuliwe, na mtegaji ana hiari ya kuukataa. Tulimpa Dodoma, akasema hana mtu wa kumpokea. Tulimpa Morogoro, akasema mvua. Alikubali Tanga, akaisafiri kwa maneno mpaka sokoni, akala, akapumzika, na ndipo akatoa jibu, wakati nusu ya ukumbi imekwisha kusahau swali. Msichana wa kidato cha tatu akamjibu kwa kitendawili alichokitunga papo hapo: mtumishi wake haimbi mpaka akalie moto. Bibi alifikiri, akatoa mji. Ilikuwa birika. Tangu hapo wakawa marafiki, na walikula sahani moja.

Tulikuwa pia na mchezo wa jina la kanga. Kila mgeni aliyeweza alileta doti moja ya zawadi, imekunjwa ili pindo na mji vionekane na maneno yafichike. Anayelijua jina kwa kutazama nakshi tu anapata pointi, na kanga inakwenda kwa mwali. Wauzaji wa kanga waliokuwamo walituaibisha sote. Sharti lilikuwa kanga za mafumbo ya kusutana zibaki nyumbani. Moja ilipenya hata hivyo, na aliyeileta akaapa kwamba hakusoma. Tulimwamini, nusu nusu.

Mwishoni kila mtu aliandika nasaha moja ya nyumbani bila ya kutia jina, na somo akazisoma watu wakibahatisha mwandishi. Moja ilimtaka mwali, siku atakayogombana na mumewe, asimpigie mama yake simu kabla hajala na kulala. Mama wa mwali alikuwa wa kwanza kusema kwamba huo ni mwandiko wake. Nasaha za chumbani somo alikwisha kuzimaliza siku tatu kabla, mlango umefungwa, na hakuna aliyeuliza zilisema nini.

Mawili ya utaratibu tuliyasimamia bila ya kulegeza. La kwanza ni simu. Wanawake walikuwa wamevua mitandio wakijua wako peke yao, na picha moja ikitoka nje haikamatiki tena. Simu zote ziliingia katika kapu la ukindu mlangoni, kila moja na kibandiko cha namba, na binti wawili wakalilinda kama wanaolinda mahari. La pili ni kumtunza mwali kwa fedha huku jina na kiasi vikitangazwa. Tuliweka kisanduku chenye tundu karibu na mlango. Anayetia elfu hamsini na anayetia elfu moja wote mkono wao uliingia katika tundu moja, na wapo waliopita bila ya kutia kitu, wakala wali wao kwa amani. Washindi walipewa kilo ya sukari au paketi ya ubani.

Baada ya shughuli ile mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa mkali kuliko wote, alituuliza ilikuwaje. Tulimweleza habari ya mama mkwe na mbuzi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama sinia ya mkewe imerudi, kwani ndiyo iliyotumika.

Ilirudi. Tangu siku hiyo tumepokea maombi manne ya namna ile, na mawili kati ya hayo yametoka kwa familia za misikiti jirani. Kamati imenunua mbuzi mbili za mninga, na vikombe vya viungo vimo katika sanduku lake, vyote katika stoo ya madrasa. Anayevihitaji atume mtu baada ya sala ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, aandikishe jina katika daftari, na avirudishe vimeoshwa na kuanikwa. Mbuzi iliyorudishwa mara ya mwisho ilikuwa na machicha kwenye meno.