Gari Lililolala Chini Usiku

Gari lenye springi za upepo huwashangaza wengi hapa kotani. Jioni limesimama wima kama askari wa gwaride; alfajiri upande mmoja umelala chini, wala hakuna aliyeligusa. Mara husemwa kompyuta yake imeugua, na mwenyewe hushauriwa ang'oe mipira yote atie springi za chuma. Mimi siafiki shauri hilo kabla sabuni haijajaribiwa.

Mfumo wenyewe si mgeni. Cadillac iliuza gari la namna hii mwaka 1957, na Range Rover zikaupata mwaka 1992. Badala ya chuma kilichoviringwa, bodi hukalia mifuko ya mpira inayojazwa upepo na pampu ya umeme. Upepo ukitoroka, gari hushuka.

Mume wangu akiwa lindoni mbali, uchunguzi wa gari letu uliniangukia mimi, nami nalo ndilo hutupeleka hospitali usiku. Nilianza kwa futi ya cherehani. Jioni, mahali tambarare, nilipima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, asubuhi nikarudia. Pembe tatu hazikubadilika sana. Ya nyuma kushoto ilikuwa imeshuka sentimita 6. Ikishuka pembe moja, mtuhumiwa aghalabu ni mfuko wake au mrija wake. Zikishuka kadhaa pamoja, yafaa kutazama vali zinazogawa upepo.

Hapa naomba askari wanisikilize, maana ujasiri wao huwaponza. Mfuko wa upepo si jeki. Ukipasuka, bodi hushuka ghafla, na aliye chini hana pa kukimbilia. Yako magari yanayojisawazisha hata injini ikiwa imezimwa! Asiingie mtu uvunguni kabla chesisi haijakaa juu ya stendi za chuma. Matofali hupasuka.

Mimi sikuingia. Nililijaza gari upepo, nikapitisha brashi yenye povu kandokando ya gurudumu. Mapovu yalichemka kwenye mkunjo wa mpira, chini kabisa, pale tope la barabara zetu hukaa na kuusaga.

Ndipo nikaelewa kwa nini pampu ilikuwa ikinguruma kutwa. Imeundwa ifanye kazi kidogo, ipumzike. Ikilazimishwa kujaza mfuko unaovuja, huungua, na gharama huwa mara mbili. (Pampu iliyo kimya ni habari nyingine: tazameni fyuzi na rilei kwanza.)

Fundi alikuja na hesabu yenye pampu mpya ndani yake. Nilimwonyesha mapovu, kisha nikamwomba aisikilize pampu ikifanya kazi. Akaifuta katika karatasi. Mfuko mmoja ulibadilishwa. Ule wa kulia, ambao umri wao ni mmoja, tumeanza kuuwekea fedha.