Nyumba ya Kutisha na Tembe la Kwihara

Kila mwalimu wa historia anafahamu kwamba mtoto aliyeshtuka husikiliza. Linalotushughulisha sisi wakufunzi ni jambo la pili yake: mshtuko ukiisha kupita, mtoto huyo hubaki na nini kichwani? Swali hili lilitukabili huko Ipole, kusini mwa Sikonge, tulipokwenda kuwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha.

Mwanachuo mmoja, hodari na mwenye bidii, alikuwa ameona katika simu picha za bustani za burudani zinazomilikiwa na makampuni ya filamu ya Marekani. Kampuni ya Universal ilianza tena kuwatembeza wageni katika viwanja vyake vya kutengenezea filamu huko California mwaka 1964. Na katika bustani yake ya Orlando, tangu 1991, imekuwa desturi kutengeneza nyumba za kutisha ufikapo msimu wa Oktoba. Watu hulipa kiingilio, hupita gizani kwa miguu chumba baada ya chumba, na waigizaji waliopakwa damu ya bandia huwarukia kutoka pembeni. Wageni hutoka wakipiga mayowe na kucheka, kisha hupanga foleni tena.

Mwanachuo wetu aliona hapo mbinu ya kufundishia. Mada ilikuwa biashara ya misafara, katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Alifunika madirisha ya stoo ya shule kwa magunia, akatundika minyororo, akawaficha vijana wawili waliojipaka masizi, halafu akawapitisha watoto wa darasa la sita mmoja mmoja. Mayowe yalisikika hadi barabarani. Kwa kipimo cha msisimko somo lile lilistahili alama za juu, nasi hatukumnyima.

Siku ya pili tuliingia darasani kuwauliza watoto walijifunza nini. “Giza, Mwalimu.” “Minyororo.” Mmoja alieleza kwa furaha jinsi alivyomtambua binamu yake chini ya masizi. Lakini nani alibeba mzigo, mzigo wa nani, kutoka wapi hadi wapi na kwa ujira gani, hakuna aliyejua. Zaidi ya hayo, watoto wote walijihesabu kuwa ni watu wa minyororo, kana kwamba babu zao hawakupata kuwa kitu kingine chochote katika njia ile. Hilo ndilo lililotusumbua.

Si haki kumlaumu kijana yule, kwa sababu wakubwa wamefanya vivyo hivyo. Mwaka 1939 kampuni ya Twentieth Century-Fox ilitoa filamu iitwayo Stanley and Livingstone. Spencer Tracy aliigiza Stanley mbele ya kamera za California. Mandhari ya Afrika Mashariki yalipigwa picha na watu wengine, yakaunganishwa baadaye. Hata kwetu, mgeni afikaye Mkunazini, Unguja, huteremshwa katika vyumba vya chini vyenye giza na kuambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo, ingawa jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, na wapo wanahistoria wanaoitilia shaka habari hiyo. Soko lilikuwapo, na mateso yalikuwapo. La ajabu ni kwamba ukweli huo mzito huonekana hautoshi mpaka uongezewe giza.

Basi tulikubaliana na mwalimu mkuu kuwapeleka watoto katika nyumba halisi. Wazazi walichanga asali, kwa maana Ipole ni nchi ya mizinga, na fedha iliyopatikana ikakodi basi la kwenda Kwihara, jirani na mji wa Tabora. Hapo pana tembe la udongo lenye ua wa ndani, ambamo Stanley alikaa mwaka 1871, na Livingstone mwaka 1872. Jengo la leo limekarabatiwa sana, nasi tuliwaeleza watoto hivyo kabla hawajavuka mlango.

Ndani mna ubaridi na mwanga hafifu. Hakuna aliyemrukia mtu. Tuliwagawa watoto katika vikundi, tukawakalisha chini kimya, halafu tukawasimulia. Tarehe 22 Agosti 1871 majeshi ya Mirambo yaliingia Tabora. Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu wakubwa wa mji, akauawa, na nyumba nyingi zikachomwa moto. Wakimbizi walimiminika Kwihara. Stanley aliamuru kuta zitobolewe matundu ya kupitishia bunduki, akakusanya watu wenye silaha, akangoja. Mirambo hakuja. Kisha tukauliza swali moja tu: aliyekaa humu akiogopa, alimwogopa nani?

Kimya kilikuwa kirefu, na ni vema mwalimu ajizuie kukivunja. Mwishowe msichana mmoja alisema kwa sauti ndogo, “Alituogopa sisi.”

Vicheko vilizuka, vicheko vya fahari. Tungaliweza kuishia hapo na kurudi nyumbani tumeridhika, lakini mvulana mmoja aliyekuwa akitazama ukuta alinyosha mkono. “Mwalimu, waliotoboa haya matundu walikuwa akina nani?” Swali hilo lilituchukua zaidi ya saa nzima nje, chini ya mti. Maana Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa Mnyamwezi kama Mirambo, naye alikuwa upande wa Waarabu. Wapagazi wengi wa misafara walikuwa Wanyamwezi waliojiajiri kwa hiari, wakalipwa kwa nguo, na kijana aliyefika pwani na kurudi aliheshimiwa kwao. Pamoja nao, katika njia hiyo hiyo, walipita watu waliofungwa minyororo kweli. Watoto walianza kubishana ni nani kati yao angekuwa ndani ya tembe na nani nje. Mmoja alikasirika kabisa alipoambiwa na mwenzake kuwa ukoo wake ungekuwa na Mkasiwa. Tulifurahi kuona hasira hiyo, kwa sababu katika stoo ya giza hapakuwa na jambo la kubishania.

Mwanachuo wetu alisikiliza yote akiandika. Tuliporudi Ipole aliiondoa minyororo, akafungua madirisha ya stoo, akaazima mizani ya wanunuzi wa asali na kupima mchanga frasila mbili, yaani kama kilo 32, ambao ndio uliokuwa mzigo wa kawaida wa mpagazi. Vijana wale wale wawili wa masizi waliubeba kwa zamu kuzunguka uwanja, na watoto wakapima saa na kuandika mwendo wao katika daftari, kisha wakakokotoa siku ambazo mzigo huo ungechukua kufika Bagamoyo. Hesabu zao hazikulingana, na mwalimu wa hisabati akaziomba kwa ajili ya kipindi chake.

Hivi sasa darasa hilo linadai kwenda Urambo, kwa Mirambo mwenyewe, na wazazi wameambiwa watenge asali.