Kapona Moyo, Mume Akahama Kitanda!

Dada mmoja wa Nkwenda, Kyerwa, jina kapuni, aliwekewa betri ya moyo Dar es Salaam akiwa na miaka 34. Kabla ya hapo, kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari. Analala amekaa, miguu imevimba, na majirani walishaanza kunong'ona kuwa karogwa.

Betri ikapiga kazi. Kidude kidogo kama kiberiti, kimefichwa chini ya ngozi karibu na bega. Akarudi nyumbani anatembea, anacheka. Mtaa mzima ukasema kapona.

Ila ndani ya nyumba kulikuwa na jambo. Mumewe, mfanyabiashara wa kahawa anayeshinda Kayanga, Karagwe, alihamishia godoro chumba cha watoto. Hakukuwa na ugomvi wala mchepuko. Jamaa alikuwa anaogopa tu: je, nikimkumbatia betri ikazima? Kumenya ndizi akapewa wifi. Jembe likafichwa. Kila mtu anampenda, na hakuna anayemwacha aishi.

Siku ya kliniki, muuguzi akamsomea maswali ya fomu. Fomu za hivi zipo nyingi. Maarufu kwa wagonjwa wa moyo ni KCCQ, iliyobuniwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2000: maswali 23, alama 0 mpaka 100. Haisikilizi mapigo, inauliza unaishije.

Unaoga mwenyewe? Ndiyo. Unapanda ngazi? Akacheka, "Dada, Nkwenda ngazi ziko wapi? Kwetu ni milima, na naipanda." Unalala umekaa kwa kukosa pumzi? Hapana, siku hizi nalala vizuri.

Kisha: ugonjwa umekupunguzia vipi ukaribu na mwenza wako?

Kimya. Machozi yakaanza kumtoka. "Hapo weka sifuri, dada."

Muuguzi akaweka kalamu chini, akaomba namba ya mume.

"Kaka, kidonda kimeshapona. Betri haizuii tendo la ndoa. Simu tu asiiweke karibu na kifua. Na kazi za nyumbani aanze taratibu, mwache afanye."

Upande wa pili kimya, halafu, "Kumbe? Mbona hakuna aliyeniambia?"

Huko Ulaya na Marekani kuna wanaowekewa pampu kabisa moyoni. Waya unatokea tumboni, betri wanatembea nazo mwilini. Hata wao huulizwa maswali kama haya, maana mashine inaweza kuwa nzima huku mwenyewe amenyong'onyea.

Alipofika Nkwenda, baada ya safari ndefu ya basi, godoro lilikuwa limesharudi. Jembe limeegeshwa mlangoni.

"Baba watoto, hili jembe vipi?"

"La kwako hilo. Ila kesho tunaenda wote."

Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, kila siku unamuuliza anaumwa wapi. Anaishije, ulimuuliza lini?